Nilivyokaza skrubu za bunduki ya baba mkwe bila kumwona wala kuongea naye

Wakubwa shikamooni, wadogo mambo.

Humu mimi ni msomaji wa kimya, miaka sasa. Nacheka kwenye nyuzi zenu halafu napita. Leo naandika kwa sababu nilimsimulia mfanyakazi mwenzangu kisa hiki akaniambia ni chai, nimetunga. Wakuu, sina muda wa kupika chai. Waliokuwepo wapo hai wote, na mmoja ni mume wangu, ambaye akisoma hapa atanuna kwa sababu ndiye aliyetoka vibaya kuliko wote.

Twende.

Mimi ni binti wa Kihesa, Iringa. Nimeolewa na Mnyakyusa, tunaishi Mbeya mjini, kwao ni Tukuyu, ndani ndani kidogo.

Kazi yangu ni kwenye duka la miwani. Siyo daktari. Mimi ni yule wa chumba cha nyuma, nakata lensi, nanyoosha fremu ambazo mteja amezikalia, na nakaza skrubu. Kama umewahi kupeleka miwani imelegea mkono ukaambiwa "subiri dakika tano", mtu wa hizo dakika tano ni mimi. Kwa hiyo kwenye mambo ya skrubu naomba mnisikilize.

Sasa niwaeleze mila, maana bila hiyo hamtaelewa kitu.

Kwa Wanyakyusa wanaoshika mambo ya zamani, mkamwana, yaani mke wa mtoto wako, haonani na baba mkwe. Hamkai chumba kimoja. Humtaji jina. Huongei naye. Akipita, unajifunika kitenge na kugeukia ukutani. Siku hizi familia nyingi wameacha, lakini baba mkwe wangu ni mzee wa kanisa, mwalimu mstaafu, na hajaacha kitu.

Kwetu Kihesa baba yangu anakaa na wake wa kaka zangu anawatania mpaka wanakimbia jikoni. Kwa hiyo mwaka wa kwanza nilipata tabu sana. Sasa nina miaka tisa ya ndoa na uso wa baba mkwe naujua kwa picha ya harusi tu.

Namjua kwa kikohozi. Ana kikohozi cha kupita, ili nijifiche. Ana cha kuomba chai. Na ana kimoja kifupi, mama mkwe anasema hicho maana yake chakula kimempendeza. Mimi hicho cha tatu nimekitafuta kwa nguvu kuliko cheti cha shule.

Haya, tuje kwenye bunduki.

Mzee ana bunduki ya .22, zile za risasi nyembamba. Ana kibali chake, inakaa kwenye kabati la chuma, funguo anatembea nazo. Juu ina darubini. Kazi yake ni moja tu, ngedere wanaokula mahindi.

Na hawaui! Mlio wa .22 wenyewe ni mdogo, ngedere wa kule walishauzoea, wanageuka wanakuangalia kisha wanaendelea kumenya. Mzee akagundua kwamba wanachoogopa ni bati kulia karibu yao. Kwa hiyo ametundika kopo tupu la rangi kwenye mti pembeni ya shamba, nyuma yake kuna kingo ya udongo. Wakija, anakaa barazani na meza yake, hatua kama hamsini, anapiga kopo. Ting! Ukoo mzima wa ngedere unaondoka. Kafanya hivyo miaka na miaka.

Mwaka jana kopo likaacha kulia.

Anapiga, kimya. Anapiga tena, kimya. Siku moja moja linalia, halafu wiki nzima kimya. Ngedere wakajua. Mama mkwe anasema kuna dume mmoja alikuwa anakuja kukaa chini ya lile kopo kabisa, na hindi lake mkononi.

Wanaume wa familia wakaamua kwamba macho ya mzee yamekwisha.

Ushahidi wao ulikuwa huu. Shemeji yangu mkubwa, nimwite Gwakisa, alikuja siku moja akachukua bunduki, akapiga mara moja, kopo likalia. Akairudisha kabatini, akanawa mikono. Silaha nzima, akasema, tatizo ni mtu. Hakupiga mara ya pili, wakuu. Hilo liwekeni akilini.

Lakini mimi nilikuwa najua kitu ambacho wao hawajui.

Miezi mitatu kabla, mzee alikuja mjini kupima macho, akaletwa dukani kwetu. Mimi nasikia kikohozi tu huko mbele, cha kupita! Mwili ukajua kabla ya akili. Niliingia chini ya meza ya kusagia lensi, nikakaa humo dakika arobaini na vumbi la plastiki kichwani, huku bosi ananiita jina.

Nikiwa chini ya meza nikamsikia anasoma bango la herufi. Alisoma mstari wa juu, akasoma wa kati, akasoma wa chini kabisa, halafu akasoma na yale maandishi madogo ya kiwanda kilichochapa bango. Daktari alicheka. Akampa miwani ya kusomea Biblia basi. Najua mambo ya mteja ni siri, lakini chini ya meza sikuwa kazini.

Nilimwambia mume wangu. Mume akamwambia Gwakisa. Gwakisa akajibu kwamba bango liko ukutani na ngedere yuko shambani. Mazungumzo yakaishia hapo.

Ikafika Desemba, sote tukaenda Tukuyu kwa Krismasi. Siku mbili baada ya sikukuu wakaitisha kikao barazani. Mimi nikiwa jikoni, maana jiko liko nje, ukuta wake umepakana na baraza. Nasikia kila kitu.

Wakamwambia kwa heshima zote. Baba, umri umekwenda, silaha ni hatari, Jumatatu tuipeleke kituo cha polisi uirudishe na kibali.

Nilitegemea agombe. Mzee yule akigomba hata kuku wanaingia bandani.

Akasema, "Basi, chukueni."

Hivyo tu. Nikasikia anaondoka, na siku ile hakukohoa kabisa. Mama mkwe akaacha kusonga ugali. Wakuu, iliniuma. Mtu ambaye sijawahi kumwangalia usoni, nikawa nalia kwenye moshi na moshi siyo sababu.

Jioni hiyo kabla jua halijazama akaitoa kabatini kuifuta, nafikiri kwa kuaga. Akapita nayo nyuma ya jiko. Nikageukia ukutani kama kawaida, na nikiwa ukutani hivyo nikasikia.

Tik. Tik. Tik. Kila hatua anayopiga.

Mlio ule ningeutambua hata usingizini. Ni chuma kinachocheza mahali kilipotakiwa kutulia. Miwani iliyolegea inalia hivyo hivyo, kwa udogo wake.

Nikampigia baba yangu Kihesa. Baba aliwahi kumiliki .22 wakati analima Kilolo.

"Kamwene baba," nikamsalimia kikwetu. "Bunduki ikilegea inalegea wapi?"

Hakuuliza kwa nini nataka kujua, ndivyo alivyo. Akaniambia ile ni chuma na mbao vimeshikwa pamoja na skrubu mbili za chini, moja mbele ya kifyatulio na nyingine nyuma yake. Ya mbele ikilegea, chuma kinahamahama ndani ya mbao, na kila risasi inakwenda inakotaka. Halafu kuna skrubu ndogo za kushika darubini. Kaza ya mbele kwanza, kisha ya nyuma, kidogo kidogo, kwa vidole na siyo kwa hasira.

"Lakini mwanangu, si umwambie mwenyewe mkweo?"

"Baba, siwezi kuongea naye."

"Aisee," akasema baba. "Basi andika barua."

Asubuhi nikamtuma mume wangu. Nampenda mume wangu. Ni mhasibu mzuri. Ila bisibisi na kijiko kwake ni ndugu. Nikamwambia, nenda kwa baba, kwanza atoe risasi zote, afungue na chemba, pale risasi inapokaa, ahakikishe kwa macho na kwa kidole, halafu atikise.

Kutoka jikoni nikasikia, "Baba, anasema utoe risasi."

"Mwambie nilianza kutoa risasi baba yake hajaoa."

Mume akageuka kuja kuniambia. Nikamwambia nimesikia. Akarudi kumwambia kwamba nimesikia. Mzee akasema, "Hata mimi nimesikia." Tuliendelea hivyo asubuhi nzima, wakuu. Watu wawili wenye masikio mazuri, tumetenganishwa na ukuta wa tofali moja, na mhasibu katikati anatoka jasho.

Likaja swali la bisibisi. Hapa ndipo wengi mnapoharibu vitu, naomba niseme.

Nyumba ile ilikuwa na bisibisi moja ya wote. Imefungulia makopo ya rangi, imechokonolea vidirisha vya choo, ncha yake imekuwa ya mviringo kama kidole. Fundi pikipiki wa jirani naye aliwahi kuitumia kwenye bunduki, kwa kuigonga na nyundo. Bisibisi isiyojaa mfereji wa skrubu inakula kichwa. Ikishakula, hata iliyo sahihi haishiki tena. Nyembamba mno inachimba, nene mno haiingii, na pana kupita kichwa inachana chuma cha pembeni. Inatakiwa ijae mfereji, upana na unene.

Nitajuaje upana na unene wa kitu ambacho siruhusiwi kukisogelea?

Nikakata kipande cha sabuni ya mche. Nikamwambia mume, nenda kakandamize hii juu ya kichwa cha skrubu ya mbele, uilete bila kuiminya. Ya kwanza aliiminya. Ya pili akakandamiza kwenye mbao. Ya tatu mzee akamnyang'anya akafanya mwenyewe, ikaja safi kabisa, tuta dogo limesimama juu ya sabuni kama lilivyo mfereji wenyewe.

Kumbe sabuni imeleta na taarifa nyingine. Ilikuwa inateleza. Nikainusa. Mafuta ya mgando!

Nikamuuliza mama mkwe. Akasema ndiyo, mzee kila Jumamosi anafungua skrubu zote, anazipaka mafuta, anazirudisha, kwa ajili ya kutu. Tukuyu kwenyewe mnakujua, mvua inanyesha mpaka unasahau rangi ya jua. Kila mtu kule anapaka mafuta kila chuma alicho nacho, jembe, bawaba, baiskeli. Mzee wa watu kajitunzia bunduki kwa upendo miaka yote, na mwaka ule mvua ilipozidi naye akazidisha mafuta. Skrubu imepakwa hivyo itashika nini? Ukipiga risasi tatu tu inarudi nyuma yenyewe.

Tukakusanya bisibisi za mtaa mzima. Ya fundi redio, nyembamba. Ya jirani mwenye mashine ya kusaga, ile ungesogeza nayo gari. Za kwangu za miwani ni za kidoli. Najaribu moja moja kwenye lile tuta la sabuni, hakuna.

Mama mkwe akawa ananiangalia tu. Mwishowe akaingia ndani, akatoka na bisibisi ya cherehani yake, fupi, nene, ncha imekatwa wima. Ikakaa kwenye alama ya sabuni kama imezaliwa pale.

"Aliyefungulia nayo kopo la rangi tena namlaani," akasema, akimwangalia mume wangu.

Kisha nikahitaji kitu cha kuondoa mafuta. Wifi yangu mdogo alikuwa na dawa ya kufutia rangi ya kucha, nikaichukua. Maelekezo yakaenda. Toa skrubu, ifute kwa kitambaa chenye dawa, usiguse mbao maana itatoa vanishi, acha ikauke. Rudisha ya mbele kwa vidole vitatu mpaka igome, kisha ya nyuma, kisha robo robo, basi.

"Anasema uanze na ya nyuma," mume akatangaza.

"Amesema ya mbele," mzee akamjibu. "Wewe una masikio ya wapi?"

Mama mkwe na mimi tulishikana mikono tusicheke kwa sauti.

Kuna jambo la mwisho, alama. Dukani skrubu ikishakazwa unaweka tone la rangi ya kucha, nusu juu ya kichwa na nusu kwenye chuma. Ikisogea hata kidogo mstari unakatika na unaona. Shida ni kwamba wifi alikuwa na rangi moja tu, ya waridi yenye vimetameta.

Mume akakipeleka kichupa upande wa pili.

"Mwambie mimi ni mzee wa kanisa."

"Mwambie ni tone dogo," nikasema, "na liko chini, Mungu tu ndiye atakayeliona." Mume alifikisha kila neno bila kukosea, kwa mara ya kwanza siku ile.

Likawekwa.

Mchana familia nzima wakatoka kuangalia. Mimi nabaki jikoni, nasikiliza. Nyuma ya kopo mzee aliweka ubao wa zamani ili aone risasi zinaenda wapi.

Ya kwanza. Kimya.

Ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano. Kimya, kimya, kimya. Kopo halikulia hata mara moja. Moyo ukanishuka mpaka kwenye kandambili. Nikamsikia Gwakisa, kwa sauti ya huruma ambayo ni mbaya kuliko kicheko, "Baba, imetosha. Kesho kutwa tuipeleke."

Mzee alipoiweka bunduki mezani, mume wangu akatumwa kwenye ubao. Alirudi mbio, akaja mlangoni kwangu anahema. Hajapiga kopo, akaniambia, amepiga ubao, pembeni kushoto, futi nzima. Nikamuuliza matundu yamekaaje. Akasema yote matano unayafunika na kizibo cha soda.

Wakuu! Yote matano chini ya kizibo kimoja! Mwenye macho mabovu hawezi hivyo. Bunduki iliyolegea haiwezi hivyo. Darubini tu ndiyo ilikuwa inaangalia kwingine, kwa sababu mwaka mzima kila aliyepita pale aligeuza vifundo vyake vya kulengea kufukuza risasi zinazotangatanga. Hata ile moja ya Gwakisa ilikuwa bahati tu.

Nataka kumweleza mume haya yote, nasikia mzee huko barazani anasema taratibu, amechoka, "Nipeni hiyo bisibisi. Labda nimekaza sana, niilegeze."

Sijui nilikuwa nawaza nini. Sikuwaza.

"BABA, USIILEGEZE!" Nilipiga kelele mpaka nikajisikia. "Bunduki imepona! Risasi zimekaa sehemu moja! Geuza darubini tu!"

Mwiko ukamtoka mama mkwe ukaanguka majivuni. Mume wangu akanishika mkono kama mtu anayeaga. Miaka tisa ya kugeukia ukuta, na nimekwenda kumpigia mzee kelele mbele ya watoto wake wote, bunduki ikiwa mezani.

Nikakaa chini kwenye kigoda. Nikawaza nauli ya Iringa.

Halafu ile sauti, haikohoi, haipiti kwa mtu.

"Kupeleka kulia ni kifundo kipi? Cha juu au cha pembeni?"

Nilichelewa kujibu. Nilikuwa nasubiri mume wangu arudie.

"Cha pembeni, baba," nikasema. "Fuata mshale."

Nikasikia kifundo, krik krik krik. Nikasikia risasi.

Ting.

Watoto wakapiga makelele. Akapiga tena, ting, akapiga tena, ting. Gwakisa ni mtu mzima, simlaumu sana, lakini alikuwa na aibu na alitaka kushika kitu. Akasema haya, mambo ya kituo yameisha, ila mkamwana amevunja mwiko na mila ina faini, kuku mmoja.

Mzee akamjibu bila kupandisha sauti. "Mimi ndiye niliyemuuliza. Faini ni yangu."

Hakuwa ameniuliza kabla sijapiga kelele, na wote walijua. Baada ya nusu saa mume wangu aliletewa kuku jike mweupe, miguu imefungwa, anipe. Ujumbe ulikuwa neno moja tu, "Ndaga." Ni asante ya kwao.

Bunduki ipo kabatini Tukuyu mpaka leo, ina kibali chake na doa lake la waridi.

Nilichojifunza nakisema kifupi. Kabla hujamwambia mtu mzima kwamba amekwisha, angalia kwanza kama alichoshika mkononi kimekaza. Tafuta bisibisi inayojaa mfereji. Skrubu ya kushika haipakwi mafuta. Weka alama, na uiangalie kabla ya kugeuza kitu kingine. Na kwa jina la Mungu, toa risasi kwanza.

Wenye .22, niambieni mnatumia nini badala ya rangi ya kucha, na kama kuna ambayo haimeremeti. Walioolewa Rungwe na Kyela, niambieni kwenu mwiko uliishaje, maana wa kwangu sijui nisemeje kama umeisha. Bado hatuonani. Nikienda bado nageukia ukuta.

Ila kila Jumamosi mzee ananipigia simu mwenyewe. Mara ya kwanza alisema mstari haujasogea, nikasema vizuri baba. Ya pili hivyo hivyo. Jumamosi iliyopita alisema mstari haujasogea, na hakuna kati yetu aliyekuwa na kitu kingine cha kusema kuhusu skrubu.

Akaniuliza Mbeya mvua imenyesha?

Nikamwambia imenyesha, baba. Tukaongea mvua dakika kumi na moja.